Udongo wa mfinyanzi kama kizuizi cha taka hatarishi

Udongo wa mfinyanzi kama kizuizi cha taka hatarishi ni matumizi ya udongo huo, au ya miamba iliyotokana nao, kwa ajili ya kuzuia sumu na vitu nururifu visifikie maji, mashamba na makazi ya watu. Matumizi haya ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hufanyika juu ya ardhi: udongo hushindiliwa chini ya mabwawa ya taka za migodi na viwanda ili sumu isipenye. Namna ya pili hufanyika chini sana: taka nururifu huwekwa katika mahandaki yanayochimbwa ndani ya miamba ya udongo wa mfinyanzi, mamia ya mita chini ya ardhi, na zinatarajiwa kutulia huko kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Nchini Tanzania mikoa ya Shinyanga na Geita inafaa sana kwa kuelezea jambo hili. Mikoa hiyo ina udongo mwingi wa mfinyanzi karibu na uso wa ardhi na ina migodi mikubwa na midogo inayozalisha taka zenye sumu. Hata hivyo, miamba ya kale iliyo chini ya udongo huo ina tabia iliyo kinyume cha ile inayotafutwa kwa hifadhi ya kina kirefu.

Tabia za udongo wa mfinyanzi

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo sana, kwa kawaida chini ya milimita 0.002, na zina umbo la vibao vyembamba vilivyopangana. Udongo huu huzuia taka kwa njia tatu.

Ya kwanza ni upenyezaji mdogo. Nafasi kati ya chembe ni finyu kiasi kwamba maji hupita kwa shida. Ndiyo sababu lambo la kunyweshea ng'ombe huchimbwa penye udongo wa mfinyanzi na si penye mchanga: katika mchanga maji yote yangezama.

Ya pili ni kuvimba. Baadhi ya aina za udongo huu, hasa zile zenye madini ya montmoriloniti, hunyonya maji na kuongezeka ukubwa. Ufa ukitokea na maji yakiingia, udongo huvimba na kuuziba. Udongo wa namna hiyo unaochimbwa na kuuzwa viwandani huitwa bentoniti.

Ya tatu ni kushika. Uso wa chembe za mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo huvuta ioni zenye chaji chanya, kama vile za sizi, stronti, risasi na metali nyingine nyingi. Ioni hizo hunata kwenye udongo badala ya kwenda na maji.

Udongo huu una mipaka yake pia. Ioni zenye chaji hasi, kama za iodini, klorini na sianidi, hazishikwi vizuri, nazo hupita kwa urahisi zaidi. Aidha, udongo unaovimba ukilowa ndio unaopasuka ukikauka. Tena ukilowa sana hulegea, hivyo unafaa kuziba kuliko kubeba uzito.

Mahali ambapo maji karibu hayasogei kabisa, kitu kilichoyeyuka husafiri kwa usambaaji tu, yaani chembe zake hutoka polepole penye wingi kwenda penye uchache. Muda wa safari hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali. Umbali ukiwa mara 10, muda huwa mara 100. Kwa sababu hiyo unene wa tabaka una faida kubwa: tabaka la mita 50 si bora mara 50 tu kuliko tabaka la mita 1, bali muda wa kulivuka ni mara 2,500.

Udongo na miamba ya Shinyanga na Geita

Sehemu kubwa ya nchi ya Wasukuma ni tambarare zenye vilima vya mawe ya graniti. Udongo wake hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Karibu na mawe kuna udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, na chini bondeni kuna udongo mweusi na mzito wa mbuga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki jina la "katena" mwaka 1935, na neno hilo hutumiwa na wataalamu wa udongo hadi leo.

Udongo wa mbuga ni udongo wa mfinyanzi unaovimba. Masika huwa tope zito linaloshika maji, na kwa hiyo hulimwa mpunga katika majaruba. Kiangazi hukauka na kufanya nyufa pana zinazoshuka ndani ya ardhi. Kwa hiyo udongo uleule ni kizuizi kizuri wakati wa mvua, na wakati wa ukame unaweza kuwa njia ya wazi ya maji ya mvua za kwanza.

Chini ya udongo huo hakuna miamba ya udongo wa mfinyanzi yenye unene unaofaa kwa hifadhi ya kina kirefu. Kuna miamba migumu ya kale ya kratoni ya Tanzania, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni graniti pamoja na mikanda ya miamba ya volkeno na mashapo yaliyogeuzwa kwa joto na shinikizo, inayojulikana kama mikanda ya mawe ya kijani. Dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na Buzwagi imo katika mikanda hiyo.

Dhahabu hiyo ililetwa na maji. Maji ya moto yaliyobeba madini yalipanda kutoka chini kupitia mipasuko ya miamba, na yalipopoa au kukutana na mawe yenye chuma yaliacha dhahabu na kwatzi. Mchimbaji anayefuata mshipa wa kwatzi anafuata njia ya maji ya zamani. Ukanda wa dhahabu, kwa asili yake, ni mahali ambapo mwamba ulipasuka na maji yakapita kwa wingi.

Mabwawa ya topesumu

Uchimbaji mkubwa wa kisasa katika ukanda huu ulishika kasi baada ya mgodi wa Geita kuanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Katika tani moja ya mawe ya dhahabu mara nyingi hupatikana gramu chache tu, kwa hiyo karibu mawe yote yanayosagwa huwa taka. Mawe husagwa kuwa unga, huchanganywa na maji na sianidi ili dhahabu iyeyuke, kisha tope linalobaki hupelekwa kwenye bwawa la topesumu.

Tope hilo huwa na mabaki ya sianidi na metali zilizokuwa ndani ya mawe, kwa mfano arseniki na risasi, ikitegemea aina ya mawe. Sianidi huharibiwa polepole na jua na hewa, lakini metali hazioi. Mawe yenye sulfidi, kama pairaiti, huleta tatizo jingine: yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, nayo asidi huyeyusha metali zaidi.

Sakafu ya bwawa la kisasa huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu wa kufaa, na mara nyingi huwekwa pia karatasi nzito ya plastiki juu yake. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba maji yasipenye kwa kasi inayozidi mita 0.000000001 kwa sekunde pale yanaposukumwa na uzito wake yenyewe. Hiyo ni kama sentimita 3 kwa mwaka. Tabaka huwekwa unyevu hadi lifunikwe, kwa sababu likiachwa wazi kwa wiki chache za kiangazi hupasuka na kazi yote huharibika. Kuzunguka bwawa huchimbwa visima vya uchunguzi ili kupima kama sumu imevuja.

Sakafu isiyovuja haitoshi kama ukuta ni dhaifu. Kuta za mabwawa huvunjika hasa kwa maji kufurika juu yake, kwa maji kupenya ndani yake na kubeba udongo, au kwa msingi uliolegea. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, ulibomoka. Tope lilienea nje ya eneo la mgodi na kufunika nyumba, mashamba na vyanzo vya maji vya wanakijiji. Haikuripotiwa kwamba mtu alifariki. Almasi haichenjuliwi kwa sianidi, kwa hiyo hatari ya tope hilo haikuwa sawa na ile ya tope la dhahabu. Hata hivyo, tukio hilo lilionyesha kwamba taka iliyowekwa juu ya ardhi hutegemea ukuta, na ukuta hutegemea watu wanaoukagua.

Wachimbaji wadogo

Maelfu ya wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na Shinyanga husaga mawe kwa makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki kwenye mialo. Mchanga unaobaki, unaoitwa marudio, bado una dhahabu, hivyo huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi. Marudio hayo huenda na zebaki iliyobaki ndani yake, na sianidi inaweza kuiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi katika maji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Mwalo uliowekwa penye luseni huruhusu maji machafu kuzama haraka kuelekea visima vifupi. Mwalo ulio kando ya mbuga huyaacha yatiririke juu ya ardhi hadi kwenye majaruba na malambo. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria hufika Kahama na Shinyanga kwa bomba, lakini vijiji vingi vilivyo mbali na bomba bado hutumia visima, na mifugo hunywa malamboni. Kwa watu hao tofauti kati ya udongo wa juu na wa chini ya mteremko inahusu maji wanayokunywa kila siku.

Hifadhi katika miamba ya udongo ya kina kirefu

Taka nururifu za kiwango cha juu hutoka hasa katika fueli iliyotumika kwenye vinu vya nyuklia. Baadhi ya isotopi zake hudumu muda mrefu sana. Nusumaisha ya Plutoni-239 ni miaka 24,100, na ya Iodini-129 ni zaidi ya miaka milioni 15. Hakuna ukuta wala mlinzi anayeweza kuaminiwa kwa muda kama huo, kwa hiyo wataalamu walitafuta miamba ambayo imekaa bila kuguswa na maji yanayotembea kwa mamilioni ya miaka.

Nchi tatu za Ulaya zimechunguza miamba ya udongo wa mfinyanzi kwa undani zaidi. Ubelgiji ilianza kujenga maabara ya HADES huko Mol mwaka 1980, mita 225 chini ya ardhi, katika udongo laini unaoitwa Boom. Uswisi hutafiti udongo wa Opalinus, wenye umri wa miaka milioni 175 hivi, katika maabara ya Mont Terri iliyoanza mwaka 1996. Mwaka 2022 shirika la Nagra lilipendekeza eneo la Nördlich Lägern, kaskazini mwa nchi hiyo, kwa hifadhi yenyewe. Ufaransa ina maabara huko Bure, mita 490 hivi chini ya ardhi, katika mwamba wa udongo wenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Shirika la Andra liliomba kibali cha kujenga hifadhi ya Cigéo katika eneo hilo mwaka 2023.

Katika miamba hiyo maji yakisukumwa na uzito wake yenyewe husogea sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka. Taka hufungwa katika glasi au vyombo vya chuma, huwekwa katikati ya tabaka, na mahandaki huzibwa. Vyombo vikioza baada ya maelfu ya miaka, sehemu kubwa ya vitu nururifu hushikwa na udongo ulio karibu. Iodini-129, ambayo udongo hauishiki vizuri, ni miongoni mwa vile vinavyoweza kusafiri mbali zaidi, kwa hiyo hesabu za usalama huiangalia kwa makini.

Nchi zisizo na miamba ya udongo inayofaa hutumia njia nyingine. Ufini imejenga hifadhi ya Onkalo zaidi ya mita 400 chini ya ardhi katika mwamba mgumu wa kale, ambao una umri unaokaribiana kuliko ule wa Ulaya ya kati na mawe ya Shinyanga. Kwa kuwa mwamba huo una nyufa, mitungi ya shaba yenye taka huzungushiwa bentoniti. Udongo wa mfinyanzi ambao haukuwepo kwa asili huletwa na binadamu.

Ushahidi wa asili

Majaribio ya maabara hayawezi kudumu miaka laki moja, kwa hiyo wataalamu husoma mahali ambapo maumbile yamefanya jaribio hilo. Huko Oklo, Gabon, iligunduliwa mwaka 1972 kwamba urani iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Plutoni iliyozalishwa na mabaki mengi mengine yalibaki karibu na mahali yalipotokea, na udongo wa mfinyanzi uliozunguka madini hayo ulisaidia kuyashika. Huko Cigar Lake, Kanada, madini ya urani yaliyo mita 430 hivi chini ya ardhi yamezungukwa na tabaka la mfinyanzi, na hayakuonyesha dalili juu ya ardhi ingawa umri wake unazidi miaka bilioni 1.

Tanzania yenyewe ina mfano mzuri, ingawa si wa urani. Katika pwani ya Kilwa na Lindi kuna tabaka nene za mawe ya udongo yaliyotuama baharini, yanayoitwa Kundi la Kilwa. Ndani yake kuna magamba madogo ya foraminifera yenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, na mengi yamehifadhika vizuri kuliko kawaida. Sababu kubwa ni kwamba udongo uliyafunika mapema na kuzuia maji yasiyayeyushe au kuyageuza. Wanasayansi hutumia magamba hayo kukadiria joto la bahari za kale.

Hata hivyo, mwamba wa udongo hauwi hifadhi kwa kuwa udongo tu. Moja ya kanuni za kuchagua eneo ni kuepuka mahali penye madini, mafuta au gesi, kwa kuwa vizazi vijavyo vinaweza kuchimba hapo bila kujua kilichofichwa. Pwani ya kusini mwa Tanzania ina gesi. Geita na Shinyanga zina dhahabu na almasi. Ukanda wa dhahabu haufai kwa sababu mbili basi: mwamba wake umepasuka, na watu hawataacha kuuchimba.

Taka nururifu nchini Tanzania

Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, kwa hiyo haina fueli iliyotumika ya vinu hivyo. Taka zake nururifu ni hasa vyanzo vilivyokwisha kazi kutoka hospitali, viwanda, utafiti na migodi. Baadhi ya mitambo ya kuchenjua madini, kwa mfano, hutumia vipimo vyenye Sizi-137 kupima uzito wa tope linalopita ndani ya mabomba. Usimamizi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na vyanzo visivyotumika tena hukusanywa katika kituo maalumu mkoani Arusha.

Hatari ya vyanzo hivyo ni kupotea na kuingia katika biashara ya vyuma chakavu, ambayo ni kubwa katika miji ya migodi. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987 watu waliokota mashine ya tiba iliyoachwa na kufungua kopo la Sizi-137. Watu 249 walipatwa na uchafuzi wa mionzi na 4 walifariki.

Kwa nchi zenye taka chache za namna hii, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeendeleza njia ya kuziweka katika shimo jembamba lililochimbwa kwa mashine makumi ya mita au zaidi chini ya ardhi. Ghana na Malaysia ni miongoni mwa nchi zilizojiandaa kuitumia. Kwa taka za kiwango cha chini, Afrika Kusini imekuwa ikitumia mahandaki mafupi yaliyochimbwa katika udongo wenye mfinyanzi huko Vaalputs tangu mwaka 1986.

Suala la taka nururifu linaweza kukua nchini kutokana na urani, hasa ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Tope la kuchenjua urani hubaki na Radi-226, yenye nusumaisha ya miaka 1,600, na huhitaji mabwawa yanayofanana na yale ya dhahabu.

Muda na uangalizi

Sizi-137 ina nusumaisha ya miaka 30, kwa hiyo baada ya miaka 300 hubaki chini ya sehemu moja kwa 1,000. Arseniki haina nusumaisha: iliyomo katika tope la mgodi leo itakuwa ileile baada ya miaka 300. Pamoja na hayo, taka nururifu za kiwango cha juu hutafutiwa mwamba wa mita mamia kadhaa chini ya ardhi, na tope lenye arseniki hubaki juu, nyuma ya ukuta wa udongo. Sababu mojawapo ni wingi: taka nururifu ni chache kwa ujazo, na tope la mgodi mmoja mkubwa hufikia mamilioni ya tani.

Tofauti hiyo huamua namna ya kutunza. Hifadhi ya kina kirefu hubuniwa ili iweze kusahauliwa bila madhara. Bwawa la topesumu haliwezi kusahauliwa. Uzalishaji wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulioanza mwaka 2009, ulikoma mwaka 2021, na migodi mingine ya ukanda huu nayo itafungwa siku moja. Sheria za Tanzania hutaka mgodi uwe na mpango wa kufunga na dhamana ya fedha za kurejesha mazingira. Baada ya kufungwa, bwawa huhitaji kufunikwa kwa tabaka linalozuia hewa na mvua, mifereji ya kupitisha maji, ukaguzi wa kuta na upimaji wa visima. Katika nchi ambayo udongo wake hupasuka kila kiangazi, kazi hiyo hurudiwa kila mwaka, na huwabakia watu wanaoishi hapo baada ya mgodi kuondoka.